Mmea Walioudhani wa Plastiki

Bweni la Pili
Jumapili, 2 Februari

Bi Maktaba,

Shikamoo. Leo ni tarehe mbili Februari, na kabla sijaandika neno la pili nimejiapia kwamba nitakueleza kila kitu, chema na kibaya, bila kukipaka rangi. Siku ile unastaafu ulinishika bega ukasema, "Kidole, utaniandikia," nikasema ndiyo, kisha nikakaa mwezi mzima nikitafuta maneno mazuri. Hayajapatikana. Natumia haya niliyo nayo.

Kwanza habari za hapa. Lile jina ulilonipa, kwa sababu nafuatisha mistari kwa kidole ninaposoma, limeninata. Hata matroni akiita majina bwenini anasema "Kidole yupo?" na mimi naitika.

Maktaba amepewa Mwalimu wa Michezo. Si mtu mbaya. Tatizo ni kwamba anaifungua akikumbuka, na akikumbuka huwa anatafuta mipira. Mipira sasa inakaa rafu ya chini, pale palipokuwa na kamusi. Saa ya mapumziko nikifika nakuta kufuli. Basi nakaa kwenye ngazi na kusoma hapo hapo, maana sijui kwingine pa kukaa saa ile.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Ule mmea wako wa majani ya kung'aa, uliokuwa mezani kwako, ambao muuza miche alikuambia unaitwa zedizedi. Ulinitazama, ukautazama, ukasema, "Mtunze huyo," halafu gari la mwanao likapiga honi. Hukusema nimtunze vipi. Nimeutunza kwa namna uliyotufundisha. Kila siku niliyokuta pamefunguliwa niliufuta vumbi, jani moja moja, kwa kitambaa kikavu. Maji sikuupa hata tone. Kibao chako bado kipo mlangoni: MAJI, CHAI NA CHAKULA HAVIINGII HUMU. Na muda wote niliokusaidia kupanga vitabu sikuwahi kukuona ukiumwagilia. Wenzangu wanasema ni plastiki. Mwalimu wa Michezo naye anaamini ni plastiki, na wiki iliyopita aliubeba akaupeleka stoo, ukakae pamoja na maua ya mahafali.

Nilikwenda kuuchungulia kwenye upenyo wa mlango. Vijiti vyake vingine vimekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua mchana kutwa, na majani kadhaa yamedondoka. Plastiki haikunjamani. Bi Maktaba, je, ni mzima? Na kama ni mzima, anakunywa nini?

Jambo la mwisho, kwa kuwa nimeapa. Siku ya wazazi kututembelea, baba mdogo hakuja. Aliandika kwamba mkewe amejifungua, nyumba imejaa, na likizo ya Aprili itabidi nibaki shuleni na matroni. Tangu baba na mama walipofariki likizo zote nimekuwa nikienda kwake, kwa hiyo sina pengine. Nilikuwa nafikiri, na unisamehe kama nimevuka mpaka: kwenu kukiwa na nafasi, hata ya siku chache, ningeweza kuja. Ningekuletea mmea wako.

Ni mimi mwanafunzi wako,
Kidole


Nyumbani kwa mwanangu
Ijumaa, 14 Februari

Kidole,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikacheka peke yangu mpaka miwani ikaniponyoka. Ama kweli! Mimi ndiye niliyekufundisha kutii, na sasa utiifu wako umekaribia kuniulia mmea.

Ni mzima. Anakunywa maji kama wewe na mimi, ila si kila siku. Hukuniona nikiumwagilia kwa sababu sikutaka kuonekana. Ningesimamaje chini ya kibao changu mwenyewe nimeshika jagi? Nilikuwa nasubiri mtoke nyote, nafunga mlango, kisha naumwagia kutoka kwenye ile chupa yangu ya chai, ambayo mara moja kwa mwezi haikuwa na chai. Usimwambie mtu. Bado nina heshima yangu hapo.

Fanya hivi. Utoe stoo. Uweke mahali penye mwanga, lakini jua lisiupige usoni, litauunguza. Umwagilie maji mengi, taratibu, mpaka yatokee kwenye tundu la chini. Yaliyojikusanya kwenye kisahani yamwage. Halafu uache! Usirudi kesho kuuonea huruma. Chini ya udongo una viazi vyake, na humo ndimo unamoweka akiba ya maji. Ukiumwagilia kila siku viazi vinaoza, vijiti vinageuka njano, na hapo hata mimi sina dawa. Ingiza kidole kwenye udongo, kipate kazi nyingine zaidi ya kusoma. Ukigusa unyevu, ondoka zako. Ukikuta pakavu mpaka ndani, mpe.

Mimi sijambo. Mwanangu na mkewe wananiangalia vizuri. Chumba changu ni kizuri, kina dirisha kubwa, asubuhi jua linaingia mpaka kitandani, na nawaona watu wa mtaani wakienda kazini. Wajukuu ni wachangamfu mno, hawaniachii nafasi ya kukaa kimya. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi na mimi.

Mwalimu wa Michezo mwambie kamusi haidundi.

Bi Maktaba


Bweni la Pili
Jumapili, 2 Machi

Bi Maktaba,

Shikamoo. Nimefanya kama ulivyosema, ila la kamusi sijamwambia. Ninangoja siku atakayokuwa ameshinda mechi.

Kuutoa mmea stoo hakukuwa rahisi. Nilimkuta Mwalimu wa Michezo anapuliza mpira kwa pampu. Nikamwambia, "Mwalimu, naomba ufunguo wa stoo, nataka kuutoa mmea wa Bi Maktaba. Una kiu."

Akasema, "Kidole, ule ni plastiki."

"Si plastiki, Mwalimu."

"Nimeubeba kwa mikono yangu hii. Maua ya mahafali nayabeba kila mwaka. Plastiki naijua mimi!"

Lakini alinifuata. Tulipofungua tulikuta ameurundikia mapazia ya jukwaa juu yake. Tukayatoa, na pale katikati, kwenye giza lote lile, kulikuwa na chipukizi jipya. Lilikuwa limejiviringisha kama mwavuli uliofungwa, rangi yake kijani cheupe. Mwalimu aliligusa kwa ncha ya kidole akarudisha mkono haraka, utadhani limemng'ata. "Lo!" akasema. "Na mimi nimekifunika kitu chenye uhai." Tangu siku hiyo anafungua maktaba kila mapumziko. Anapita mlangoni, hasalimii mtu, anauliza tu, "Mgonjwa anaendeleaje?"

Wenzangu wananicheka. Waliponiona nakuja na jagi walisema, "Kidole, ukimaliza hapo ulinyweshe na tufe la dunia, nalo limekauka." Walicheka mpaka kengele ilipolia. Mimi nami nilicheka kidogo, maana ilichekesha. Lakini walipotoka waliondoka pamoja, na mimi nikabaki na jagi.

Sasa kuna jambo jipya. Baada ya kunywa, vijiti vimenyooka, lakini chungu kimevimba ubavu mmoja na juzi kimepasuka. Kwenye ufa nimeona kiazi kimoja kinasukuma, kikubwa kama ngumi ya mtoto. Chungu ndicho kilichokuwa cha plastiki, kumbe. Nifanyeje? Sijawahi kuhamisha mmea maishani mwangu, na huu si wangu.

Ukishahamishwa na kupata nguvu ungependeza sana kwenye dirisha lako. Kwa kuwa umesema jua linafika kitandani, tungeuweka pembeni kidogo, nyuma ya pazia. Nasema "tungeuweka" nikikumbuka lile nililouliza kuhusu Aprili. Labda liliandikwa chini sana kwenye ukurasa, hukuliona.

Mwanafunzi wako,
Kidole


Nyumbani kwa mwanangu
Jumatano, 12 Machi

Kidole,

Marahaba. Mmea uliopasua chungu haudai huruma, unadai nyumba. Usiogope.

Tafuta chungu kingine, cha udongo kama kipo, chenye tundu chini. Kiwe kikubwa kuliko hicho kwa upana wa vidole viwili tu. Watakuja watu wema wakupe beseni zima ili "mtoto apate nafasi". Wakatalie. Udongo mwingi unashika maji mengi, na viazi vitalala kwenye tope. Changanya udongo, mboji na mchanga wa kutosha, uwe mwepesi, ukiufinyanga usishikamane. Vaa glavu, maana utomvu wake unawasha, na usijiguse macho. Ulaze mmea ubavu, usiuvute kwa vijiti, vitakatika. Kikate hicho chungu kilichopasuka. Viazi vikiwa vimesongamana na ukaona vinaachana vyenyewe kwa kutikiswa, unaweza kuutenganisha, ikawa miwili. Visipoachana, usilazimishe. Ukishaupanda upumzike siku kadhaa ndipo uumwagilie, ili vidonda vikauke.

Kuuleta huku hapana. Wajukuu wangeuchezea. Uache maktabani, ndiko ulikozoea. Na wewe nenda kwa watu wako likizo ikifika. Baba mdogo maneno yake ya Februari si ya Aprili, mtoto mchanga akishazoeleka nyumba hutanuka. Msichana anahitaji kupumzika kwao.

Mimi sijambo. Jumanne balbu iliungua asubuhi, nikakaa bila kusoma mpaka mwanangu aliporudi kazini jioni. Ndiyo maana barua hii imechelewa. Mkwe wangu ananiambia mvua zimeanza kweli kweli. Huko shuleni zimewafikia?

Bi Maktaba


Bweni la Pili
Jumapili, 23 Machi

Bi Maktaba,

Shikamoo. Mvua zimefika, asante kwa kuuliza. Uwanja wa mpira ni bwawa, na Mwalimu wa Michezo sasa anasoma kamusi kwa kukosa la kufanya.

Mmea nimeuhamisha jana. Nilikwenda jikoni kuomba chungu, na mpishi, kama ulivyotabiri, akanitolea beseni la kunawia vyombo. Nikamwambia hapana, ni kubwa mno. Akasema, "Wewe mtoto! Watu wote wanataka nyumba kubwa, wewe unakataa?" Nikamweleza habari ya viazi na tope. Akanitazama, akaingia ndani, akarudi na vyungu viwili vya udongo vilivyokuwa vimewekwa juu ya kabati, kimoja cha kadiri na kimoja kidogo. Matroni alinipa glavu za kusugulia vyoo, mpya, na akasimama pale kuhakikisha sizitumii vibaya.

Niliulaza ubavu kwenye gunia, nikakikata chungu kwa kisu cha jikoni. Kilifunguka kwa mlio, na ndani hapakuwa na udongo wa kusema, ila viazi tu na mizizi minene iliyojizungusha ukutani, inatafuta pa kutokea. Nilikaa nikiitazama kwanza. Matroni akasema, "Sasa unangoja nini, ikusalimie?" Nikaanza kuitikisa. Upande mmoja uliachia wenyewe, taratibu, pamoja na vijiti vitatu na lile chipukizi. Sikulazimisha. Sehemu kubwa nimeipanda kwenye chungu cha kadiri, itabaki maktabani. Hii ndogo iko dirishani karibu na kitanda changu. Haina kazi, haina meza, wala haina mtu aliyeizoea. Nimeipanda lakini sijajua ni ya nani.

Kuhusu likizo, usijisumbue tena. Baba mdogo atakuja kunichukua. Nimefurahi.

Kuna jambo moja tu nimeshindwa kulielewa, na nakuomba usilichukulie kuwa nakukosea adabu. Ulisema chumba chako kina dirisha kubwa na jua linafika kitandani. Kisha ukasema balbu iliungua asubuhi ukashindwa kusoma mpaka jioni. Na mvua ulielezwa na mkweo, hukuiona. Nimezisoma barua zako mbili pamoja, kidole kikiwa kwenye mstari. Ulitufundisha kwamba tukiona kurasa mbili zinapingana tusichague ile tunayoipenda, tuulize. Nami nauliza. Chumba chako kina mwanga kiasi gani?

Kidole


Nyumbani kwa mwanangu
Jumanne, 1 Aprili

Kidole,

Marahaba.

Sina dirisha.

Nimeandika hivyo kwanza nisije nikazunguka. Chumba changu kilikuwa stoo ya nyumba hii. Kiko kati ya jiko na ukuta wa jirani, na jirani ni fundi wa kuchomea mageti, kwa hiyo mchana nasikia chuma kinapiga kelele, lakini cheche zake sizioni. Nalala kati ya masanduku, kitanda cha mtoto kilichofunguliwa na feni isiyo na mabawa. Taa nawasha nikiamka na kuizima nikilala. Lile dirisha nililokuandikia ni la maktaba. Nililihamisha bila kuomba ruhusa.

Usiwahukumu watu wa hapa. Chakula nakula, dawa napewa kwa wakati, hakuna anayenipandishia sauti. Wanatoka alfajiri wote, wanafunga geti, wanarudi wamechoka. Wajukuu ni vijana sasa, wana visikizi masikioni, wananisalimia kwa kidevu. Mkwe wangu kila jioni anauliza, "Mama, umeshiba?" Namjibu nimeshiba. Na hayo ndiyo mazungumzo yangu ya siku. Kuna siku nazungumza na friji, maana ipo ukutani kwangu na yenyewe inanguruma kidogo kabla ya kunyamaza, kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi.

Swali lako la Februari nililiona. Halikuwa chini sana kwenye ukurasa. Nililisoma mara nyingi kuliko habari za mmea. Lakini wewe ulinijua nikiwa na meza, rundo la funguo na kibao mlangoni. Nilijiuliza huyu mtoto akiingia hapa akanikuta nimekaa kitandani miguu ikigusa masanduku, atamkuta nani? Nikaona bora nikujibu mambo ya viazi, hayo nayaweza. Na tena nilidhani umeuliza kwa adabu tu. Watoto wenye malezi huwauliza wazee maswali ya namna hiyo, na mzee mwenye akili hujifanya hakusikia.

Uliponiandikia habari za balbu nilikaa na barua yako siku tatu. Nilikukasirikia kidogo, ujue. Halafu nikacheka, maana umenisoma vile vile nilivyokufundisha kusoma vitabu.

Juzi nilimwuliza mwanangu, "Mgeni wangu akija, anaweza kulazwa godoro sebuleni?" Akashusha simu akanitazama. "Mgeni? Wewe una wageni, mama?" Hakuwa na ubaya, alishangaa tu. Nikamwambia nilikuwa nauliza tu, maana nilishasoma kwamba baba yako mdogo anakuja kukuchukua. Na nimefurahi kwa ajili yako. Kweli nimefurahi.

Kuhusu mmea: hauhitaji dirisha. Ukiwekwa chumba chenye taa inayowaka mchana kutwa, ya kawaida tu, unaishi. Utakua polepole, lakini na mimi sina haraka. Ukimpata mtu wa kuaminika anayekuja upande huu, mpe hicho kidogo aniletee. Ningependa kuwa na kitu humu kinachochipua.

Kaa vizuri, mwanangu. Usiache kuandika.

Bi Maktaba


Bweni la Pili
Jumapili, 6 Aprili

Bi Maktaba,

Shikamoo. Barua yako ilifika jana. Nilikwenda kuisomea maktabani, na Mwalimu wa Michezo aliponiona alitoka nje akasimama mlangoni, akawaambia waliotaka kuingia kwamba anahesabu vitabu. Sijui aliona nini usoni mwangu. Simwulizi.

Baba mdogo haji. Hajasema kwamba atakuja, wala mimi sikumwuliza tena. Niliandika vile kwa sababu nilikuomba mara mbili na mara zote mbili ukanijibu habari ya mmea. Nikafikiri unatafuta njia ya upole ya kunikatalia, na sikutaka kukusumbua utafute zaidi. Kwa hiyo wewe ulijitengenezea dirisha, na mimi nikajitengenezea mtu wa kunichukua, na tukafurahiana kwa barua. Nilipoelewa nilikaa chini.

Sikuuliza kwa adabu, Bi Maktaba. Nikiuliza kwa adabu huwa naanza na "samahani" mbili. Ile ilikuwa na moja.

Chumba chako sikiogopi. Masanduku tutayapanga. Niliona ulivyopanga shule nzima kwenye rafu zile, masanduku ni kitu gani? Ukichoka kusoma nitasoma mimi kwa sauti, kidole kwenye mstari, na fundi wa mageti akizidisha kelele tutasubiri apumzike. Godoro la sebuleni likikosekana nina shuka zito na sichagui sakafu. Chungu kidogo nitakipakata mwenyewe kwenye basi, sitamwachia mtu yeyote, maana sijampata wa kuaminika zaidi yangu. Chipukizi limeanza kufunguka. Lina majani membamba mno, yanaonekana kama hayajaamua.

Shule inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Jana hiyo hiyo nilikwenda kwa matroni kuomba ruhusa, na mazungumzo yetu nakuandikia kama yalivyokuwa, kwa sababu yamenishinda.

Alisema, "Uende kwa nani?"

Nikasema, "Kwa Bi Maktaba."

"Yule aliyestaafu? Ni nani wako?"

"Ni Bi Maktaba."

"Hiyo ilikuwa kazi yake. Mimi nakuuliza yeye ni nani wako."

Wasichana wawili waliokuwa wakipiga pasi wakageuka kunitazama, nikasikia pasi inafoka mvuke. Matroni si mkali, unamjua. Alivuta kiti akaniambia nikae. Akasema, "Kidole, baba yako mdogo nitampigia simu mimi, hatakataa, naona atashukuru. Lakini siwezi kumtoa mtoto getini kwenda kwa jina la kazi. Niletee barua ya mwenyeji wako. Iseme anakupokea, na iseme wewe ni nani wake. Ikifika kabla ya Ijumaa unakwenda. Isipofika unabaki na mimi, tutapaka rangi vitanda."

Nimelala nikilifikiria. Ningeweza kumwambia tu "ni bibi yangu" tukamaliza, watu wengi wangesema hivyo. Lakini si neno langu kulichukua. Mwisho wa barua yako umeniita mwanangu. Nimeliangalia sana neno hilo. Najua watu wazima humwita hivyo mtoto yeyote, hata wa dukani anayewafungia sukari, na mimi nimeitwa hivyo na wengi ambao hawakugeuka nyuma kuniangalia. Sitaki kulishika kama uliliandika kwa kupita tu. Na kama hukuliandika kwa kupita, nataka uliandike tena, mahali ambapo matroni atalisoma.

Maana si matroni peke yake. Nikifika hapo na chungu mikononi, mkweo atafungua geti, ataniona, na ataniuliza swali lile lile. Mwanao naye atashusha simu aniangalie. Watakuwa na haki ya kuuliza, ni nyumbani kwao. Mimi nitakuwa nimesimama nje na nitatakiwa kujibu papo hapo, na jibu ninataka nije nalo kutoka kwako.

Stempu nimekuwekea ndani ya bahasha, na jina la shule nimeshaliandika, ili usipoteze hata siku moja. Tafadhali nijibu kwa posta ya kwanza.

Bi Maktaba, mimi ni nani wako?

Kidole